Neno la Mahakamani

Tabora, 3 Juni 1969

Kaka Bundala,

Shikamoo. Mimi mzima, tena mzima wa kupita kiasi. Ndoa imenikaa kama khanga iliyofuliwa mara moja: imekwisha kulainika na rangi yote ingalipo. Huko Ipole mizinga inajaa?

Kashindye wangu amepewa kazi pale mahakamani: kutafuta maneno ya Kiswahili ya sheria za Kiingereza. Jioni tunakaa kibarazani, yeye anasoma, na mimi wa kidato cha nne ninajifanya mwalimu wake. Leo tumekwama kwenye kosa la "kinyume cha maumbile." Nimemuuliza maana yake, akakohoa tu. Mama mkwe alisema maneno hayohayo alipomkuta mwanawe ananichotea maji, basi nimecheka kwamba nimeolewa na mhalifu. Wewe mrina asali unayajua maumbile kuliko sisi. Nipe mfano.

Msalimie rafiki yako Selemani, mnayerina naye.

Mdogo wako,
Nyamizi

Ipole, 20 Juni 1969

Mdogo wangu,

Marahaba. Afya ipo, asali ipo.

Mfano ni mimi na Selemani. Miaka tisa chungu kimoja, kitanda kimoja, na hatujamkosea mtu. Sheria hiyo inatusema sisi, na adhabu yake ni jela. Jirani mmoja amekwisha kututishia kwa neno hilohilo.

Nimekueleza kwa kuwa uliuliza kwa moyo mweupe. Kashindye mwambie ukimwamini. Ndoa yako bado changa. Ukiona heri usijibu, sitakulaumu. Barua hii ichome.

Kaka yako,
Bundala

Tabora, 28 Agosti 1969

Kaka mpenzi,

Shikamoo, na Selemani pia shikamoo. Barua niliichoma baada ya kuikariri. Nililia, nisikufiche. Si aibu, ni kwamba ulinipa ruhusa ya kukupoteza.

Wiki nane nilimpima Kashindye, ndipo nikamwambia. Siku ya nne anamenya mihogo, akauliza bila kuinua kichwa, "Huyo Selemani, mimi nimwiteje?"

"Mwite shemeji."

Akalirudia polepole, kama anavyoyaonja maneno yake yote, akasema linafaa. Lile la mahakamani ameliandika, kazi ni kazi. Hili letu halimo kwenye orodha yake.

Jirani akizidi, chumba cha uani ni chenu. Kitanda nimekwisha kumwagiza fundi, cha mninga, kipana.

Mdogo wako, na shemeji yake Selemani,
Nyamizi