Koleta, Uliyeacha Cherehani Ukaenda kwa Ng'ombe

Mwaka umetimia, Koleta, tangu homa fupi ilipokuchukua, nasi tukakulaza hapa Mbuba kando ya bibi yako. Nyumbani tunaendelea vizuri. Watoto wako wanasoma.

Watu wa Rulenge walikufahamu kwanza kama fundi. Uliwashonea mabibi harusi na watoto wa Komunyo ya Kwanza, na nguo yako haikurudishwa. Ulikuwa na miaka thelathini na sita ulipouza vyerehani vyako viwili ukaenda chuo cha mifugo. Sababu tunaijua. Mbuzi wa jirani alishindwa kuzaa, watu wakabaki kumtazama, wewe ukanawa mikono hadi viwikoni ukamgeuza mtoto tumboni. Baada ya hapo magauni ya watu yalianza kuchelewa.

Mama yako Melania hakupendezwa. "Wee Koleta, mwanamke mwenye vyerehani viwili anakwenda kuchokonoa mavi ya ng'ombe?"

"Mama, ng'ombe angalau hadanganyi kipimo cha kiuno chake."

Alicheka, ndipo ukajua umeruhusiwa. Mimi baba yako nilijifunza kusoma katika darasa la usiku nikiwa tayari na watoto, kwa hiyo sikuona ajabu mtu mzima kurudi kwenye dawati. Nilikununulia mabuti.

Ulipohitimu ulipangiwa kazi ya mifugo Runazi. Ulikuwa na desturi ya kuuliza jina la kila ng'ombe kabla ya kumgusa, na wenye mifugo walilipenda hilo. Ulikunywa chai umesimama. Hukumsema mtu kwa umaskini wa zizi lake.

Siku ngumu ilikuwa ile ya kwa mzee Malongo. Ng'ombe wake alianguka akafa ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani. Kwa wafugaji wa kule ng'ombe aliyekufa hatupwi. Huchunwa, majirani wakagawiwa, na asiyegawa huitwa mchoyo hata na wajukuu wa wenzake. Ulipofika visu vilikuwa vimeshanolewa na masufuria ya majirani yamepangwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mama cherehani, umekuja kumshonea marehemu sanda?"

Watu walicheka. Uliwaambia ni kimeta, asipasuliwe.

"Tutachemsha sana."

"Kisu kikipita tu, baba, ugonjwa umeingia mikononi mwa wanao na kwenye udongo wa zizi lako. Huko kwenye sufuria hamtafika salama."

"Kwa hiyo niwarudishe majirani na sufuria tupu? Mimi, Malongo?"

Uliomba kigoda ukakaa kati ya mzoga na watu, ukasema anayetaka kuchuna aanze na wewe. Ulikaa hapo mpaka shimo refu likachimbwa na chokaa ikamwagwa. Walifukia huku wakikutukana.

Hakuna aliyeugua, na kwa kuwa hakuna aliyeugua, hakuna aliyeamini kwamba palikuwa na hatari. Majibu ya kipimo cha damu ile yalipothibitisha kimeta, walisema karatasi hailiwi. Ukaitwa Mnyima Mboga. Maboma mengi yaliacha kukuita, na Malongo hakuitikia tena shikamoo yako. Tulikushauri urudi Rulenge, cherehani kingine kingepatikana. Ulijibu kwamba chanjo ya msimu bado haijaisha, ukaendelea kuzunguka, zizi hadi zizi, ukiwachanja ng'ombe wa wale waliokubali. Uliugua kabla Malongo hajakuitikia.

Sasa tunakupa habari. Masika haya dume la kulimia la Malongo lilikufa ghafla, damu puani. Yeye alikuwa safarini. Vijana wake walikwishashika visu. Limi, mkewe, alisimama mbele ya mzoga akawaambia, "Rudisheni hivyo. Koleta alikataza."

Mmoja alisema, "Koleta amekufa, mama."

"Amekufa, lakini hajaruhusu."

Vijana waliweka visu, wakamwita mtaalamu aliyechukua nafasi yako, wakachimba shimo wenyewe. Malongo aliporudi akakuta majirani hawajala, alisimuliwa maneno ya mkewe. Alipanda basi mpaka Mbuba. Alisimama penye kaburi lako, kofia mkononi, akasema, "Marahaba, mwanangu." Kisha akaomba maji ya kunywa.

Unakumbukwa na baba yako Bernardo, mama yako Melania, mumeo Rwekaza, wanao Irine na Derick, mdogo wako Anold, ukoo wote wa Mbuba na marafiki wa Rulenge na Runazi.

Siku zote tutakuwa nawe katika kumbukumbu zetu, Koleta.