Zamu Yako, Mtani

Mtani wangu, Baba Neema,

Ungeniona asubuhi ya leo ungecheka hadi ushike ukuta. Bibi mzima, mstaafu, mwalimu niliyewafundisha kusoma vijana wengi wa Turiani, natembea barabara ya Kihonda na begi mgongoni nikikimbilia kipindi. Na miwani nimeisahau nyumbani! Nikageuka kuifuata, nikaikuta juu ya redio yako, pale pale ulipokuwa ukinikataza kuiweka. Nikasema kwa sauti, "Haya, umeshinda." Halafu nikakumbuka nyumba haina mtu.

Nasoma saikolojia, mume wangu. Huu ni mwaka wa mwisho. Wewe mwenyewe ndiye uliyenituma, tena si mara moja, kila ulipomkuta barazani mama wa mwanafunzi ananililia habari za kwake. Ulikuwa unapita kimya, unaingia jikoni, unatuletea chai. Mgeni akiondoka unaanza: "Mluguru, watu wanashusha mizigo kwako utadhani stendi. Ukistaafu nenda kasomee kabisa." Nilidhani unanitania. Ulitania kuhusu kila kitu, ningejuaje kwamba hilo ulilisema kwa dhati?

Maana sisi tulianza kwa utani. Nilikuwa binti wa Matombo, milimani Uluguru, nimepangiwa shule yangu ya kwanza huko kwenu Turiani. Nimefua mashuka yangu meupe, nimeyaanika, mara wakachoma miwa shambani kabla ya kuivuna na majivu yakatua juu ya mashuka yote. Wewe ulikuwa unapita na baiskeli. Nikakuvaa: "Nyinyi Wazigua hamna adabu, mnachafua nguo za watu!" Ukashuka, ukaegemeza baiskeli, ukaniangalia. "Dada, si kule kwenu milimani mnavaa mawingu? Nguo mmezijulia wapi?"

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Kabila lako na langu ni watani tangu enzi za mababu, na mtani huwezi kumnunia. Kesho yake ukaja na ndoo ya maji na kipande cha sabuni, ukayafua mashuka yale mwenyewe, huku ukiyasema vibaya.

Nami nililipiza siku nilipokupeleka Matombo kujitambulisha. Mvua ilikuwa imenyesha, gari likatushusha mbali, na kile kilima cha kwenda kwa Mjomba kikakuonyesha kazi. Uliteleza, ukashuka kwa makalio hadi kwenye migomba, umekumbatia sukari ya ukweni isilowe. Mjomba akatoka nje, na badala ya kukuinua akasema, "Mkwe, hapa kwetu hata udongo ni mtani wako." Ukacheka ukiwa umelala hapo hapo kwenye tope. Nikajua nimepata mume.

Na katika miaka yetu yote sikuwahi kukushinda. Nikirusha, unarudisha. Nikirudisha, unaongeza chumvi, na neno la mwisho ni lako. Nilikuwa nalala nikitafuta la kukujibu, kukikucha nalisahau, wewe unanywa chai yako unatabasamu.

Ukaja msiba wako. Desturi unaijua. Mzigua akifa, Waluguru hawaji kulia tu, wanakuja kufanya vituko ili wafiwa wapumue. Ndugu zangu wakashuka kutoka Matombo. Mjomba, na uzee wake, akavaa kofia yako ya pama, akajifanya wewe, akaanza kudai chai. Mimi nilikuwa mkekani na wanawake wenzangu, nimejifunika kanga. Nikamwangalia anavyotembea, nikasema moyoni: sivyo, huyu si yeye. Nikasimama. Nilikuwa na nafasi mbili pale, Baba Neema. Mjane alitakiwa akae. Lakini mimi ni Mluguru pia, ni mtani wako kama wao, na aliyenyanyuka ni mtani.

Nikamvua Mjomba ile kofia, nikaivaa. Nikatembea mwendo wako, ule wa kuburuza mguu wa kushoto, nikakaa kwenye kiti chako, nikaita kwa sauti yako: "Mama Neema, chai hii umeipika au umeitishia moto tu?" Loo! Watu waliangua kicheko. Makaburini nako, walipokuteremsha, nikasogea nikasema: "Mzigua, umeamua kwenda chini kwa sababu kupanda kulikushinda tangu Matombo." Wifi alicheka hadi akashika tumbo, kisha kicheko kikageuka kilio. Akalia yeye, Neema akalia, hata Mjomba na ukubwa wake akalia. Watu wakanisifu, mama huyu jasiri. Mimi sikutoa chozi siku hiyo, wala baada ya arobaini, wala miaka iliyofuata.

Nilifikiri ndio ujasiri wenyewe, mpaka chuo kikanikamata.

Mwaka huu tuna mafunzo kwa vitendo. Unakaa na mteja wa kweli, na mhadhiri yuko pembeni anakuangalia. Wangu ni Mwalimu Rehema, binti wa umri wa kitindamimba wetu. Ananipa shikamoo, kisha ananikosoa bila haya. Mteja wangu wa kwanza simtaji, miiko ya kazi hairuhusu. Nitasema tu kwamba aliongea, midomo ikaanza kumtetemeka, na mimi nikarusha utani. Akacheka! Nikajipongeza. Akafuta macho, akanishukuru, na hakurudi tena.

"Mama," Mwalimu Rehema akaniambia tulipobaki wawili, "unachekesha vizuri sana. Lakini yule alikuwa anataka kulia, na hukumruhusu." Akasema hatanipa mteja mwingine mpaka nikae mimi kwenye kiti cha mteja, nisikilizwe. Nisipoweza, mafunzo sitafaulu, na bila mafunzo hakuna shahada.

Nilitoka pale nimevimba. Mtoto wa juzi anifundishe mimi kulia? Nikarudi nyumbani, nikaigombeza kofia yako pale ukutani hadi koo likakauka: naacha, basi, narudi zangu Matombo kulima ndizi, wasome wao! Kofia haikujibu. Jamani, hilo lilinichoma kuliko maneno yote ya Rehema. Kwa makelele kama yale wewe ungekuwa umeshanipachika jina jipya, na nyumba nzima ingekuwa inacheka.

Nikarudi chuo, nikakaa kwenye kile kiti. Aliyenisikiliza ni mwanafunzi mwenzangu, Zuhura, msichana mpole wa Mikese. Akaniuliza habari za msiba wako. Nikamsimulia yote, kofia, mwendo, chai, kaburi, kwa mbwembwe zangu zote. Hapo kila mtu hucheka. Zuhura hakucheka. Alisubiri nimalize, akauliza taratibu, "Na wakati mtani anawachekesha watu, mama, mke wa marehemu alikuwa wapi?"

Nikafungua mdomo nimpe jibu. Weee, nililitafuta! Halikuja. Dirishani milima yote ilikuwa imefunikwa na mawingu, nikakumbuka yale mashuka, nikaiona mikono yako kwenye povu, na hapo nikalia. Nililia kwa sauti hadi waliokuwa wakipita nje ya mlango wakasimama, nikakuita kwa jina lako, machozi na kamasi kanga nzima. Zuhura hakuniambia nyamaza mama, wala kazi ya Mungu haina makosa, kama nilivyowaambia mimi wote waliolia barazani kwetu. Alikaa nami tu. Nilipomaliza nilikuwa hoi, utadhani nimelima siku nzima, na njaa ikaniuma. Tukaenda kula wali maharage.

Sasa nimepewa wateja tena. Mtu midomo ikimtetemeka nauma ulimi, namwacha alie. Ungeniona! Ungemvuta Neema pembeni umuulize, "Mama yako anaumwa? Mbona amenyamaza?" Utani sijauacha, siwezi, ndio damu yangu. Nausubirisha tu mpaka mwenye machozi amalize.

Ila kuna kitu walichonificha, au labda walinifundisha nami sikusikia. Nilidhani nikishakulilia nitakaa sawa. Wapi! Nimekulilia, na sasa nakutamani zaidi. Zamani nilikukosa wakati wa chai tu. Sasa nakukosa nikifunga mlango, nikipika wali na kuubakiza, nikipita palipo na miwa inauzwa. Nikisikia mzee anaburuza mguu barabarani nageuka, kila mara nageuka, na kila mara ni mtu mwingine.

Nikifaulu, mwakani nitavaa joho. Najua kuna neno ungenirushia pale mbele za watu, mbele ya maprofesa. Nimejaribu kukutungia. Nimesimama mbele ya kioo na kofia yako kichwani, nikasema kwa sauti yako, "Hatimaye Mluguru amepata wingu jeusi la kuvaa." Halikuchekesha. Lako lingekuwa tamu zaidi, na sitalijua kamwe.

Siku ile kaburini nilirusha, hukurudisha, watu wakasema leo Mama Neema kamshinda mumewe. Siutaki ushindi ule, mume wangu. Ningeurudisha leo hii, pamoja na shahada na joho lake, nikusikie ukinisema vibaya asubuhi moja tu kuhusu chai. Ni zamu yako tangu siku ile, na mimi, ambaye sikuwahi kukuacha umalize sentensi, nimejifunza kunyamaza. Nimenyamaza, Baba Neema. Nakusikiliza.

Mkeo, ambaye hatimaye amekulilia,
na mtani wako, ambaye bado hujamjibu,

Mama Neema