Jembe la Kaka Nestori

Mjukuu wangu Leokadia,

Shikamoo yako imefika. Marahaba, mwanangu. Huku Ufipa baridi inauma, lakini ulezi umekubali, na shangazi yako wa Chala amejifungua binti.

Unauliza ile nishani ya mfalme wa Waingereza, iliyofungwa kwenye jembe nyuma ya mlango wangu, ni ya nani, na kama unaweza kwenda nayo Dar es Salaam. Ni ya kaka yangu Nestori. Alikwenda kupigana Burma, hakurudi.

Vita vilipokwisha, Bwana DC alimkabidhi mama nishani hiyo barazani Sumbawanga. Watu walipiga makofi. Nilidhani tunarudi nyumbani kulia. Kumbe mama alichukua jembe la Nestori, akaifunga nishani kwenye mpini, akaenda shambani na kanga yake mpya. Unajua sisi tunalima matuta, majani tunayafukia chini yaoze. Tangu kaka aondoke, mama alimlimia tuta lake kila mwaka. Siku hiyo nishani ikawa inalia kila jembe lilipogonga ardhi.

"Mama, si wamesema amekufa?"

"Wamesema. Wewe fukia majani."

Mama alipofariki, tuta nikalishika mimi. Mpaka leo nikisikia hatua njiani, nageuka. Mwaka huu nimelilima nimekaa chini, magoti yamegoma.

Nishani ichukue, uwaonyeshe wenzako. Jembe liache hapo hapo. Nestori akirudi, ataulizia jembe.

Bibi yako anayekukumbuka