Binti Yangu Mpiga Tarumbeta, Gego Lililong'olewa na Harusi ya Jumamosi

Mshauri wetu mpendwa wa redioni,

Naomba msaada wako, na ukiweza nijibu upesi kwa sababu harusi ni Jumamosi hii. Mimi ni fundi cherehani, darasani sikufika mbali, kwa hiyo mwandiko ukikushinda mpe mwenye macho mazuri akusomee, ila asiruke kitu. Nina binti mmoja, na huyo mmoja angewatosha mama kumi. Anapiga tarumbeta kwenye bendi ya sherehe, msichana peke yake kati ya wanaume, na sisemi hivi kwa kuwa nimemzaa, hata kiongozi wa bendi mwenyewe anasema yule akijaza pumzi wenzake wanatazamana. Makoti yao mekundu nimeshona mimi, yote mazuri, lakini la kwake ndilo lenye bitana, kitambaa laini cha ndani.

Sasa wifi yangu, dada wa mume wangu, miaka yote kazi yake ilikuwa kumcheka mtoto. "Wifi, huyo ataolewa na tarumbeta?" Tena mbele za watu! Namjibu, "Afadhali tarumbeta, wifi, halirudi nyumbani limelewa." Tunacheka wote, lakini moyoni linanichoma. Basi binti yake yeye anaolewa, na nani kaja barazani kwangu na soda mkononi? "Wifi, bila mwanetu kupiga, itakuwa harusi gani?" Mwanetu! Nilikubali hata kabla hajakaa, na kila mteja aliyekuja kupunguza suruali wiki ile aliondoka na habari hiyo.

Kumbe gego la mwisho la chini, lile linaloota mtu akishakuwa mkubwa, lilikuwa limelala ubavu ndani ya fizi likimsukuma mwenzake, na daktari wa meno akasema hilo si la kungoja. Akapasua fizi, akalitoa, akashona nyuzi, mwanangu hata kulia hakulia, wauguzi walimsifu. Kisha akatuambia asiteme mate kwa nguvu, asinywe kwa mrija, asisukutue kwa kishindo, na tarumbeta asiliguse mpaka arudi amwangalie.

"Hata kidogo, daktari?" nikamuuliza.

"Hata kidogo, mama."

Mwanzo ilikwenda vizuri, shavu lilivimba kama kaficha limau lakini nilimkanda kwa barafu na nikamnywesha supu ya vuguvugu, na uvimbe ulipoanza kushuka mimi nikaona mtoto kapona, nikamwambia, mshauri, ni mimi niliyemwambia, jaribu ule wimbo mmoja tu wa kumwingiza bibi harusi, polepole. Akapiga. Jamani ulikuwa mtamu, jirani alipiga makofi dirishani! Jioni akasema mdomoni anasikia ladha mbaya. Kulipokucha maumivu yalikuwa makali kuliko ya siku ya kung'olewa, yanapanda hadi sikioni, kinywa kinanuka, na nikimulika kwa tochi ya simu naona shimo tupu na kitu cheupe kama mfupa. Halafu ananiambia mdomo wa chini, upande ule ule, ganzi haijaisha tangu siku ya daktari. Mpiga tarumbeta bila mdomo ni nani?

Kwa daktari naona haya kurudi. Fundi mwenzangu ananishauri nisage karafuu niishindilie shimoni kwa pamba. Binti mwenyewe anasema, "Mama, nitameza vidonge nipige tu, siwezi kukuaibisha kwa shangazi." Alisema hivyo kashika shavu, akaenda kulala bila kula. Je, apige Jumamosi ndipo twende hospitali Jumatatu, au nimwambie wifi? Kicheko cha wifi nakijua, kinasikika mpaka barabarani.

Wako,
Mama wa Koti Jekundu

*

Mama wa Koti Jekundu, toa mguu kwenye cherehani unisikilize.

Binti yako mpe pole yangu. Yako wewe itangoja kidogo.

Jino likitoka, damu inaganda kwenye shimo, na bonge hilo ndilo blanketi la mfupa mpaka nyama mpya iote. Wakati mwingine linatoka lenyewe bila kosa la mtu, lakini wewe umelipulizia tarumbeta! Mfupa ukibaki wazi unauma hivyo hivyo ulivyoeleza, mpaka sikioni, pamoja na harufu. Mimi sijamwona kinywani, na tochi ya simu haijasomea meno, kwa hiyo mpeleke kwa daktari leo. Ikiwa ndivyo, atalisafisha shimo na kuweka dawa, na wengi wanapata nafuu mapema. Karafuu ibaki jikoni. Vidonge ameze kwa kipimo alichopewa, asiongeze ili apate nguvu ya kupiga.

Na ganzi hiyo itaje mlangoni kabla hujaketi. Kuna mshipa wa fahamu unaopita karibu na mizizi ya magego ya chini, unaweza kuguswa jino linapotolewa. Mara nyingi hisia inarudi taratibu, kwa wiki au hata miezi, lakini daktari lazima ajue ili aifuatilie. Akipata homa, uvimbe ukipanda badala ya kushuka, ukiona usaha, au akishindwa kufungua kinywa, usingoje hata jioni. Akimeza au kupumua kwa shida, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.

Unaona haya? Zione ukiwa njiani, mradi unatembea. Mweleze daktari yote, na wimbo pia.

Sasa wifi. Jumamosi binti hapigi, hilo tumemaliza. Ukitoka kwa daktari pitia kwake mwenyewe, usimtume mtu, umwambie, "Wifi, mwanetu anaumwa, kiongozi wa bendi atafute mwingine." Akicheka, mwache acheke. Ila sidhani. Siku ile alipokuja na soda yake, wewe ulisikia kwamba umeshinda. Mimi nilipoisoma barua nilisikia shangazi anamtaka mtoto wa kaka yake.

Kilichonifanya niisome barua yako mara mbili hapa studioni si shimo la jino. Ni msichana mwenye mfupa wazi anayekwenda kulala na njaa huku akiogopa kumwaibisha mama yake. Nani alimpa mzigo huo, fundi? Mwambie leo, kabla ya daktari na kabla ya wifi, kwamba hata akinyamaza mwaka mzima bado ni yule yule mwenye koti la bitana.

Jumamosi, daktari akiridhia, alivae koti lake, akae meza ya mbele na supu yake. Wageni wakiuliza mbona hapigi, waambie anapumzisha mdomo, basi, usianze hadithi. Na wewe pumzisha wako.