Dawa ya Pavlov, Mgonjwa Pavlova

Teresia uko? Nimempa mgonjwa dawa ya mtu mwingine.

Ni yule mama Mrusi ninayemhudumia nyumbani kwake Tottenham, Vera Pavlova. Yule anayejivunia kuwa jina lake ni kama la yule mcheza baleti wa zamani.

Asubuhi nimefungua kabati, nikaona pakiti imeandikwa V. Pavlov. Nikadhani duka la dawa wamesahau “a”. Nikampa kidonge, akameza. Akameza, Teresia!

Baada ya nusu saa hivi akaanza kuyumba. Presha ikashuka, midomo ikawa rangi ya jivu. Nikapiga 999 kuita ambulensi huku nalia.

Binti yake akaja mbio, akaona pakiti. “Mumbi, hii ni ya Dad! Jina ni moja, maana yake ‘wa Paulo’. Mwanaume ni Pavlov, mwanamke ni Pavlova!”

Herufi moja tu. Herufi moja!

Na huyo Dad, mzee Viktor, mume wa Vera, alikufa mwaka jana. Sasa dawa zake zilikuwa zinafanya nini kabatini?

Niko hospitali, nje ya wodi. Daktari anasema moyo umetulia, lakini hawamruhusu kwenda nyumbani leo. Ofisi nimewaambia ukweli wote. Wamenisimamisha kazi mpaka wachunguze.

Nimeingia kumwomba msamaha. Akanishika mkono, akaniambia polepole, “Mimi ndiye niliyeziweka. Zina jina lake. Ningezitupaje?”