Kishikio cha Buti

Jumamosi

Sielewi kwa nini Mama alisema ni yeye. Ni mimi niliyevunja kishikio cha buti la gari kuukuu la Baba. Juzi nilikivuta kwa nguvu nipakie mitungi ya maziwa, kumbe mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo.

Leo tukiweka kingine, Baba aliuliza, "Nani alivuta hii kitu kama anang'oa kisiki?"

Nikainama ndani ya buti, nikajifanya natafuta nati.

"Ni mimi, Baba Chebet," Mama akasema.

Baba akacheka. "Kumbe nilioa trekta!"

Mama aliniona juzi? Ama anadhani kweli ni yeye? Nikisema ukweli sasa, Mama ataonekana mwongo. Nisiposema...

Jioni tukiosha vyombo nikamnong'oneza, "Asante, Mama."

"Ya nini?" akauliza, akanipa sufuria nipanguse.