Shuka ya Baba Mkwe Ukutani

Mama Loisi mpendwa, shikamoo, nimekuwa msomaji wa ukurasa wako gazetini tangu nikiwa mpigachapa wizarani, na leo ni zamu yangu kulia kwako, naomba usinifiche ukweli hata kama utaniuma.

Mimi ni mwanamke wa Sumbawanga niliyeolewa na Mgogo wa Mvumi, tunaishi hapa Dodoma, na mwaka juzi serikali ilipopunguza wafanyakazi nami nikapunguzwa, nikakaa nyumbani nikitazama mijusi darini, mpaka sista mmoja akanitafutia nafasi ya kusoma kwa njia ya posta katika chuo cha ng'ambo, somo lenyewe ni historia ya uchoraji wa Ulaya, kuanzia Wataliano wa miaka mia tano iliyopita mpaka Wafaransa wa karne ya kumi na tisa, na watu wakanicheka kwamba nasomea picha za Wazungu wakati sukari haishikiki, lakini mimi nikalipenda somo lile kweli kweli, na shule mpya ya binafsi imeniahidi kazi ya kufundisha sanaa nikipata cheti.

Sasa chuo hutuma picha kubwa za karatasi, kinasema tuishi nazo, tuzitazame asubuhi na jioni mpaka tuzijue kama sura za ndugu zetu, kwa hiyo nikazitundika kuzunguka sebule nzima kwa mfuatano wa karne, Bikira Maria na watakatifu mlangoni, wakulima wa Ufaransa karibu na jiko, na katikati, mkabala na kiti cha wageni, mwanamke mmoja wa Venisi amejilaza hana hata uzi mwilini, na niamini Mama Loisi, nilikuwa nimemtazama mpaka uchi wake siuoni tena, naona tu jinsi mwanga ulivyomshukia begani na wekundu wa pazia nyuma yake.

Jumamosi iliyopita baba mkwe wangu, Mzee Elieza, akaja bila taarifa kama kawaida yake, na mfuko wa mlenda mkavu, na unajua kwa Wagogo mkwe ni heshima tupu, mimi naye tunasalimiana kwa mbali, hatukai karibu, ila ananipenda, maana baba yangu mzazi alifariki nikiwa mchanga na huyu mzee ndiye mwanamume wa kwanza kuniita mwanangu. Akasimama mbele ya picha ya wanawake wanaookota masuke yaliyobaki shambani, akatabasamu, akasema, "Hawa wanaokota kama mama yangu mwaka ule wa njaa," nami nikaenda jikoni moyo umejaa furaha, na niliporudi na sinia nikamkuta amekaa, macho yake kwa yule mwanamke wa Venisi, akaniona, nami nikaona kwamba ameniona, tukainamisha vichwa wote wawili. Nikaweka chakula nikakimbilia jikoni eti nafuata maji ya kunawa, na nilipotoka tena kiti ni kitupu, ugali haujaguswa, na shuka yake, ile anayojitanda siku zote, imening'inia kwenye msumari, imemfunika yule mwanamke wote.

Mume wangu Sostenes aliporudi akasema, "Mzee hakula kwako, tena amekuachia shuka yake, ujue amekususa," na sasa anataka nibandue picha zote na niwaandikie chuoni kwamba nimeacha, ndipo yeye apate uso wa kwenda Mvumi, na mtihani wangu ni mwezi ujao, na shuka bado iko ukutani, naogopa hata kuigusa. Mwaka jana niliandika insha juu ya mchoraji aliyetumwa kuwachorea nguo watu walio uchi kwenye ukuta wa kanisa kule Roma, nikamwita mshamba, nikapata alama nzuri, na leo sijui mshamba ni nani. Niache masomo, au nimpoteze baba kwa mara ya pili?

Evarista, Area D, Dodoma

Marahaba, mwanangu Evarista. Futa machozi kwanza, halafu nikugombeze kidogo.

Umefanya vizuri kuniandikia, mficha uchi hazai. Ila wahenga hawakusema uutundike sebuleni. Sebule si darasa. Hapo wanaingia wakwe, mashemeji, mchungaji na watoto wa jirani. Chuo kilikuambia wewe uishi na picha, hakikusema na baba mkwe aishi nazo. Umezijua karne tano za Wazungu ukasahau nani huja Jumamosi. Kosa lako ni hilo tu, na ni dogo kuliko unavyolilia.

Sasa huyo Sostenes anasema umesuswa. Nimeisoma barua yako mara mbili nikimtafuta mzee aliyekasirika, sikumpata. Aliyekasirika angeichana picha, au angekwenda kuusimulia ukoo mzima. Huyu alijua unarudi na maji, na kwamba ukiingia mtakutana tena wawili mbele ya kitu kile. Akavua alichokuwa nacho, akamsitiri yule mwanamke ili akusitiri wewe, akaenda zake Mvumi mabega wazi katika upepo huu wa mwezi wa sita. Hakula, kwa sababu angekula ungelazimika kusimama mbele yake na aibu yako. Hiyo si kususwa. Wapo akina baba wengi waliozaa mabinti na hawajawahi kuwafanyia hivyo.

Na yule mchoraji wako wa Roma alipaka rangi juu ya kazi ya mwenzake. Mzee Elieza hakuacha hata alama ya kidole.

Mtihani utafanya, na masomo huachi. Huyo mama wa Venisi mhamishie chumbani, umsome huko mlango ukiwa umefungwa. Watakatifu na wakulima wabaki. Jumamosi hii Sostenes aende Mvumi na shuka mpya, nzito, pamoja na ile picha ya waokota masuke ikiwa imetiwa fremu. Asiombe radhi wala asitaje lililotokea. Alichofunika mzee hakifunuliwi kwa mdomo. Aseme tu, "Mwanao amekuletea."

Ile shuka ya zamani usiirudishe. Ukiirudisha utakuwa umemwambia huihitaji. Ifue, uikunje vizuri, na asubuhi ya mtihani jitande nayo uende. Kuna baridi, na hiyo ni shuka ya baba yako.